Uzi: Chini ya banda la kenge tuweke nini? Maganda ya kahawa, machujo ya mbao, mchanga au udongo

Mukono_Banda
Wakuu, salaam. Banda liko tayari: matofali, ndani plasta, urefu mita 2.4, upana mita 1.2, kimo mita 1.5. Mkaaji ni kenge wa savana (Varanus exanthematicus), mdogo bado, kama sm 60 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Kibali cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) kipo, kwa hiyo tusianzie huko. Swali ni la chini tu. Yaliyo mezani:

(a) maganda ya kahawa, sm 10
(b) machujo ya mbao kutoka kwa wapasua mbao wa Ndeeba, Kampala
(c) mchanga wa ziwa mtupu
(d) zulia la plastiki lile la nyasi bandia, maana linaoshwa

Mlango wa kioo unaanzia sm 15 kutoka sakafuni. Nipeni sababu, si "mimi natumia hiki na hajafa".

Tifutifu
Yote manne hapana, na sababu ni ileile: hakuna hata kimoja kinachoweza kushika shimo. Kenge wa savana ni mnyama wa kuchimba. Jua likikaza porini anaingia shimoni, na kiangazi anaweza kukaa humo siku nyingi, kwa sababu hewa ya ndani ya shimo ina unyevu mkubwa hata kama juu nyasi zimekauka. Mtoe kwenye shimo, mweke juu ya zulia chini ya taa, atapoteza maji kwa kila pumzi. Hata umwekee beseni la maji, anapoteza haraka kuliko anavyokunywa. Hasara haionekani mwezi wa kwanza. Inaanza na ngozi ya zamani kugandia kwenye vidole na ncha ya mkia, halafu miaka ikipita figo zinachoka na jongo linaingia.

Kwa hiyo kabla hujauliza ni kitu gani, uliza ni kina gani. Kwa mnyama wa sm 60 anza na sm 45 za udongo. Sm 60 ni bora, maana atakua. Chini ya sm 30 hachimbi handaki, anakwangua tu kisha anakata tamaa.

Kilichomo: udongo tifutifu na mchanga, sehemu 6 kwa 4 kwa ujazo. Si kanuni ya msikiti. Udongo wako ukiwa na mfinyanzi mwingi nenda 5 kwa 5, ukiwa wa kichanga tayari nenda 8 kwa 2. Mkono ndio utakaokuambia. Chota konzi ya mchanganyiko uliolowa, finya ngumi, fungua. Ukimwagika, mkavu au mchanga umezidi. Ukitoa maji katikati ya vidole, umelowa mno. Unaotakiwa unabaki na umbo la ngumi, na ukiusukuma kwa kidole gumba unakatika vipande viwili au vitatu safi.

Jaribio la pili ni muhimu zaidi. Jaza pipa au beseni refu, shindilia kidogo kwa mikono, kisha ingiza bomba la inchi 4 kwa mshazari hadi katikati, lichomoe, uache hadi kesho yake. Tundu likisimama, umepata. Likiporomoka, ongeza mfinyanzi au maji, na usiongeze mchanga.

Mukono_Banda
Sm 45 za udongo na mlango uko sm 15. Naona tatizo.

Katwe_Vyuma
Tatizo hilo ni la fundi wote wanaojenga banda kabla ya kuuliza nini kitakaa ndani. Usiache udongo uegemee kioo: kioo cha kusukuma kikishikwa na udongo hakitembei, chembe zinaingia kwenye reli, na siku moja kinapasuka. Toa fremu ya mlango, pandisha ukuta wa mbele hadi sm 60, rudisha fremu juu yake. Nusu tofali inatosha kwa urefu huo, mradi ndani upige plasta yenye dawa ya kuzuia maji.

Bamba la chuma usilitumie ndani ya udongo wenye unyevu hata ukilipaka rangi mara tatu. Kucha zinakwangua rangi, kutu inaanzia hapo. Plaiwudi vilevile inaoza. Tandarua unaloweka ndani ya plaiwudi "kulinda" linachanwa kwenye pembe, kwa sababu pembe ndiko anakopenda kuchimba.

Swali la uzito: banda liko chini au ghorofani? Mita 2.4 × 1.2 × 0.45 ni karibu mita za ujazo 1.3. Udongo wenye unyevu ni kama tani 1.7 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo unaongelea tani 2 na ushee, yaani zaidi ya kilo 750 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba.

Mukono_Banda
Chini, kwenye zege. Ahsante kwa kunitisha.

Dkt_Mifugo
Niongezee upande wa tiba kwenye yale manne, kila moja na ugonjwa wake.

Maganda ya kahawa: yakipata unyevu yanachacha, yanapata joto lenyewe na kuota ukungu. Spora za kuvu aina ya Aspergillus zikiingia kwenye mapafu ya mtambaazi hazitoki kirahisi. Pumba za mpunga zina vumbi kali na hazishiki maji. Maganda ya karanga yana ukungu kabla hata hujayanunua.

Machujo ya Ndeeba ni mchanganyiko wa kila mti uliopita kwenye msumeno siku hiyo. Ndani yake mna msonobari, msaiprasi na mkalitusi, na mafuta ya miti hiyo yakipashwa na taa yanawasha njia ya hewa. Kibaya zaidi, huwezi kujua kama nguzo zilizowekwa dawa zilipasuliwa kwenye mashine ileile. Dawa ile ya kijani ya nguzo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki.

Mchanga mtupu: ukikauka hauna shimo, ukilowa unakuwa mzito na baridi. Watu wanaogopa mchanga kwa ajili ya kuziba utumbo. Nasema hivi: kenge aliye na maji ya kutosha mwilini na sehemu ya kuota joto ya kutosha anapitisha chembe za udongo bila shida. Anayeziba ni yule aliyekauka na aliyepoa, utumbo umelala. Isipokuwa kokoto. Kokoto za ukubwa wa punje ya mahindi ziondoe kabisa, maana akirukia panzi anameza na kokoto.

Zulia: nyuzi zinanasa kucha, kinyesi kinakaa chini yake, na tumbo linalala juu ya unyevu mchafu. Hapo ndipo yanatoka malengelenge ya tumboni.

Magazeti nayakubali sehemu moja tu: karantini. Mnyama mpya, siku 30 hadi 90, kinyesi kionekane na kipelekwe maabara kuangalia minyoo, utitiri uonekane ukitembea kwenye karatasi nyeupe. Hata hapo mpe sanduku la plastiki lenye udongo wenye unyevu ajifiche.

Bibi_Shamba
Hakuna aliyesema udongo unatoka wapi, na hapo ndipo watu wanaumia.

Usichukue udongo wa zizi la ng'ombe wala kando ya josho: dawa za kupe, amitraz na nyinginezo, zinamwagika pale kila wiki. Usichukue wa shamba la nyanya, mnajua wenyewe nyanya zinapigwa dawa mara ngapi. Usichukue wa banda la kuku. Udongo mweusi wa wauza maua wa kando ya barabara unavutia, lakini mara nyingi umechanganywa na samadi ya kuku, maganda ya kahawa na mbolea ya chumvichumvi. Muulize muuzaji akupe udongo mtupu kabla hajauchanganya. Atasema haujachanganywa. Msafara wa mamba na kenge wamo, kwa hiyo unuse: samadi ya kuku ina harufu ya kuchoma pua, na punje nyeupe za mbolea zinaonekana ukiukausha kwenye sinia.

Mzuri ni wa ardhi iliyolala, chini ya miti au kwenye nyasi ambazo hazijapigwa dawa ya magugu. Ondoa sm 5 za juu zenye mizizi, chukua sm 20 zinazofuata. Chekecha kwa wavu wa robo inchi. Chunguza siafu kabla hujapakia. Siafu wakifika bandani mnyama hana pa kukimbilia.

Kujua una mfinyanzi kiasi gani: chupa ya plastiki ya uwazi, theluthi moja udongo, maji hadi karibu na shingo, kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini kwa saa kadhaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Pima matabaka kwa rula. Ukiona mchanga ni nusu tayari, kununua mchanga mwingine ni kutupa pesa.

Soroti_Juu
Na udongo wa kichuguu je? Kenge wa majini mwenyewe hutaga ndani ya kichuguu.

Tifutifu
Hutaga ndani ya kichuguu *hai*, ambacho mchwa wenyewe wanakirekebisha, wanakipasha na kukitia unyevu. Ukikibomoa na kukileta bandani umebaki na mfinyanzi. Ni dawa nzuri ya kushikisha udongo wa kichanga, sehemu 1 kwa 5, usizidishe. Ukizidisha, kiangazi unakuwa tofali na anavunja kucha. Usagwe uwe unga kwanza, na uhakikishe hakuna mchwa, la sivyo fremu ya mlango itakuwa chakula chao.

Mukono_Banda
Basi hesabu. Nahitaji wilbaro ngapi, na maji kiasi gani?

Katwe_Vyuma
Wilbaro ya kawaida iliyojaa usawa ni kama lita 60. Mita za ujazo 1.3 zilizokaa, ongeza asilimia 15 kwa kushuka, inakuwa karibu 1.5. Hiyo ni wilbaro 25: 15 za udongo, 10 za mchanga. Mchanga chukua wa plasta uliochekechwa. Wa ziwa chembe zake zimelainika sana, hazishikani vizuri.

Changanya nje kwenye zege kama unachanganya saruji: wilbaro 3 za udongo, 2 za mchanga, geuza kavu mara mbili, halafu maji. Kwa udongo mkavu kabisa, kiasi cha maji ni karibu sehemu 1 kwa 10 ya ujazo, yaani jerikani 7 za lita 20 kwa kazi nzima. Msimu wa mvua udongo unakuja umelowa, unaweza kuhitaji jerikani 2 tu. Mwaga kidogokidogo, finya ngumi kila baada ya jerikani.

Jaza kwa matabaka ya sm 15, kanyaga kila tabaka kwa miguu. Watu wanaruka hatua hiyo, kisha wanalalamika shimo linamfunika mnyama.

Jinja_Nile
Msisahau mawe! Jiwe au gogo zito la kuotea joto lisikae juu ya udongo. Atachimba chini yake, litashuka, litambana. Jenga nguzo mbili za matofali kutoka sakafuni, gogo likae juu ya nguzo, udongo ujazwe kuzunguka.

Mukono_Banda
Kokoto za kuchuja maji chini ya udongo, kama kwenye vyungu vya maua, niweke?

Jinja_Nile
Weka sm 5, maji ya ziada yapate pa kwenda.

Tifutifu
Hapana, ndugu Jinja. Kwa kenge, hapana. Atafika chini, atazichimbua, baada ya miezi michache kokoto ziko juu na udongo uko chini. Na wavu wa kutenganisha ndio unaonasa kucha. Sakafu iwe na mteremko mdogo kuelekea pembe moja, pembe hiyo iwe na bomba la inchi 1 lenye kifuniko nje. Ukikosea ukamwaga maji mengi, fungua. Mengine ni kutomwaga mengi.

Maji usiyanyunyizie juu kila siku. Juu panalowa, tumbo linalala kwenye tope, chini pamekauka: kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Simamisha bomba la PVC la inchi 2 kwenye kila pembe, lifike karibu na sakafu, litobolewe matundu theluthi ya chini, mdomo utokeze juu ya udongo na ufungwe kifuniko. Maji yanaingia humo. Juu pawe pakavu kwa kugusa, kidole kikizama sm 10 kikute ubaridi wa unyevu, sm 20 konzi ishikane.

Kiasi kinategemea taa na matundu ya hewa. Kwa banda hili anzia jerikani moja kwa wiki, upime kwa mkono kila wiki hadi uone linakwendaje. Ukiona unahitaji tatu, usilaumu udongo. Tazama dari: kama ni wavu mtupu, unyevu wote unapanda na joto la taa. Funika robo tatu.

Jinja_Nile
Nakubali kwa wa savana. Kwa kenge wa majini (Varanus niloticus) bado nina neno. Huyo nusu ya banda ni bwawa, na anatoka majini kwa kishindo. Udongo unaopakana na bwawa unageuka matope kwa siku mbili. Weka ukingo wa matofali wa sm 30 kati ya maji na udongo, wenye mteremko unaorudisha maji bwawani. Yeye anapenda kunya majini, kwa hiyo bwawa liwe na tundu la chini la inchi 2 na valvu, si bomba la beseni la jikoni, maana udongo anaoingia nao kwa miguu utaliziba.

Kabale_Baridi
Mnaongea kama kila mtu yuko Kampala. Huku juu Kabale usiku unaweza kushuka karibu na nyuzi 10. Sm 50 za udongo wenye unyevu juu ya zege baridi ni friji. Nimeona wengine wanashauri mkeka wa umeme chini ya udongo.

Dkt_Mifugo
Mkeka hapana. Mnyama anachimba kwenda chini kukimbia joto, wewe unamwekea joto chini. Udongo unakauka kuanzia sakafuni, na anaweza kulala juu ya mkeka hadi tumbo liungue bila kustuka.

Pasha hewa na uso wa udongo, kisha subiri. Udongo mwingi unapanda joto polepole, wiki mbili si ajabu, na unashuka polepole vilevile. Hiyo ni faida umeme ukikatika. Unachotafuta: sehemu ya kuotea joto, uso wake nyuzi 55 hadi 60, taa mbili au tatu za halojeni za mwanga mpana zipashe mwili mzima badala ya kuchoma mgongo sehemu moja. Upande wa baridi 24 hadi 27. Ndani ya shimo, 26 hadi 28. Kwa Kabale ongeza hita ya kauri ya usiku isiyotoa mwanga, ndani ya kizimba cha waya. Na kabla ya kujenga, weka vibao vya povu gumu vya unene wa sm 5 chini ya sakafu, vifunikwe na saruji ya sm 4 ili kucha zisivifikie.

Kupima: ile bunduki ya kupima homa iliyobaki tangu korona haifai, inaishia nyuzi 42 au 43. Nunua ya mafundi.

Soroti_Juu
Udongo uchomwe kwanza kuua wadudu, au vipi?

Bibi_Shamba
Usiuchome. Udongo uliokufa ndio unaonuka, kwa sababu hakuna wa kula kinyesi. Chukua mzima, tia wale wadudu wa kijivu wanaojiviringisha, wanaokaa chini ya magogo na mawe yenye unyevu, konzi mbili tatu, na nyungunyungu. Juu tandaza majani makavu ya mwembe au mfenesi, sm 5. Ya parachichi yaache.

Dkt_Mifugo
Sikubaliani moja kwa moja, nnyabo. Kama udongo unatoka mahali kenge wa porini wanapita, kupe na utitiri wanakuja nao. Utandaze sm 15 juani, funika kwa kaveera (plastiki) angavu, zika kingo, wiki 4 hadi 6. Unapunguza wadudu bila kuunguza. Wale wa kijivu utawaongeza baadaye.

Bibi_Shamba
Wiki sita za jua mwezi wa Aprili utazipata wapi, daktari? Lakini sawa, kiangazi nakubali.

Mukono_Banda
Ni jike. Hilo linabadilisha kitu?

Dkt_Mifugo
Linabadilisha sana, ungesema mwanzo. Jike anaweza kutunga mayai bila dume. Akikosa mahali pa kuyafukia anayazuia, na mayai yaliyozuiwa yanamuua. Kwake sm 60 si anasa. Sehemu moja ya banda, karibu na taa lakini si chini yake, udongo ufikie nyuzi 28 hadi 30 kwenye kina cha sm 30. Ukimwona anachimba hapa na pale, anaacha, anazunguka, hali chakula, tumbo limejaa pembeni, usimfukue kila saa kuangalia. Akiendelea hivyo bila kutaga huku analegea, mpeleke akapigwe picha ya eksirei.

Katwe_Vyuma
Sm 60 basi ukuta wa mbele uwe sm 75, na hesabu inapanda: mita za ujazo 1.73 zilizokaa, wilbaro 33, 20 kwa 13. Uzito unakaribia tani 3.

Mukono_Banda
Nimeelewa. La mwisho: usafi. Nibadilishe wote kila baada ya muda gani?

Tifutifu
Usibadilishe wote kwa ratiba. Kinyesi kitoe siku hiyohiyo pamoja na konzi ya udongo uliokizunguka, na mabaki ya panya au samaki yasilale. Kila miezi michache punguza sm 5 za juu upande anaopenda kunya, weka mpya. Mikono kwa sabuni kila mara, watoto hasa, kwa ajili ya salmonela.

Kinacholazimisha kufukua ni harufu. Udongo mzuri unanuka kama ardhi baada ya mvua. Ukinuka yai viza na chini una tabaka jeusi, maji yamesimama na hewa haifiki. Fungua bomba la pembeni, toa ule mweusi wote, mahali pake weka mchanganyiko mkavu zaidi, usitie maji hadi konzi ya kina cha sm 20 iache kutoa jasho.

Soroti_Juu
Na ukikauka kabisa ukapasuka?

Tifutifu
Ukimwaga maji juu yatapita kwenye nyufa na kingo za ukuta hadi sakafuni, udongo wenyewe ubaki mkavu. Kwanza ujue mnyama yuko wapi, ikibidi mtoe. Toboa kwa nondo ya mm 12 kila baada ya sm 20, hadi chini, kisha mimina polepole lita 5 asubuhi na lita 5 jioni, siku tatu au nne.